Maana ya Ukuaji wa Kisaikolojia, Utotoni hadi Uzeeni

Kwa kawaida tunasema mtoto anakua na mzee anazeeka, kana kwamba hao wawili wako katika njia mbili zisizokutana. Katika saikolojia ya ukuaji, yaani taaluma inayochunguza jinsi fikra, hisia, lugha na mahusiano ya binadamu vinavyobadilika tangu kuzaliwa hadi kufa, neno "ukuaji" hubeba yote mawili, na anayelianza somo hili hana budi kwanza kuachana na dhana kwamba kukua ni kuongezeka tu.

Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Paul Baltes (1939–2006), alisisitiza kwamba katika kila umri mtu hupata jambo na kupoteza jingine. Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka kwa watoto wachanga. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane waliolelewa katika nyumba za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa kwao huzisikia kuwa moja. Walipokaribia kutimiza mwaka, wengi wao hawakuziweza tena. Uwezo huo hufifia wakati uleule ambapo sikio la mtoto linazidi kunolewa kwa lugha ya nyumbani, hivyo hata asiyejua bado kutembea ameshapoteza kitu, na kupoteza huko ni sehemu ya kujifunza kwake.

Kwa mzee hali ni hiyohiyo, ila mizani imeinama upande mwingine. Bibi wa miaka 70 anayefundishwa kutuma pesa kwa simu huenda akahitaji kuelekezwa mara kadhaa, kwa kuwa wepesi wa kushika mambo mapya huanza kupungua mapema katika utu uzima. Lakini mkalishe kwenye kikao cha posa, umsikie anavyochagua neno la kutuliza na neno la kukataa bila kumuudhi mtu. Msamiati na maarifa yaliyolimbikizwa hudumu, pengine huongezeka, hadi umri mkubwa.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyeyagawa maisha katika hatua 8 mwaka 1950, aliuwekea uzee hatua yake: mtu huyatazama maisha yake yote na kuamua kama anaweza kuyakubali jinsi yalivyokuwa.