“Mbona bahari yenu imekauka?” na dhana nyingine za wageni wa Mtwara na Lindi

Ukiongoza wageni Mtwara, swali hili utalisikia saa nne asubuhi, mara nyingi Jumamosi. Mgeni wa semina au wa harusi amelala Shangani, ameamka, amekunywa chai na vitumbua, amewatwisha watoto taulo mabegani. Anafika ufukweni anakuta mwani, vidimbwi vya maji ya vuguvugu, ngalawa zimekaa juu ya mchanga, na bahari yenyewe ipo kule mbali kwenye mwamba. Anapiga picha, anaituma kwenye kundi la familia na maneno “Mtwara hakuna bahari”, kisha anarudi hotelini kuangalia mpira. Saa kumi jioni maji yamejaa hadi karibu na minazi, naye yupo stendi anasubiri basi la Dar.

Bahari ilikuwepo. Hakuna aliyemwambia aulize mwezi.

Dhana yenyewe ni kwamba ufukwe ni kama bwawa la hoteli, ukifika unaogelea. Dhana hii inatuharibia zaidi ya nyingine zote, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Tofauti ya kimo haifanani siku zote. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, na maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti hupungua hadi mita 1 hivi, na bahari hukaa katikati, haijai sana wala haitoki sana. Ufukwe wa Shangani una mwamba mpana uliolala karibu bapa, ndiyo maana mita 3 za kushuka huonekana kama bahari nzima imehama.

Saa zake hazibahatishwi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupwa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne au tano asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Mtu anayefuatilia tarehe za mwezi wa Kiislamu ana ratiba ya bahari mfukoni na wala hajui. Idi ya mfungo mosi (Idi el-Fitri) huangukia bamvua kila mwaka, kwa sababu ni mwezi mosi. Basi wanaowapeleka watoto baharini wakitoka tu kuswali watakuta mwamba mkavu mpaka saa saba, saa nane. Wapikieni kwanza pilau, muende alasiri. Idi ya mfungo tatu (Idi el-Haji) ni tarehe 10 ya mwezi, na maji hujaa kati ya saa sita na saa nane mchana, hayana haraka, yanafaa kabisa kwa watoto.

Muda mzuri wa kuogelea ni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa mpaka saa moja baada ya kujaa. Mimi nasisitiza ingia na maji yanayopanda. Yanapita juu ya mchanga uliopigwa na jua, kwa hiyo yana joto, na yanakusukuma kuelekea nchi kavu. Yanayotoka yanafanya kinyume: hukusanyika na kukimbilia kwenye milango ya mwamba, yaani mapengo yanayopitisha maji, na hapo hata muogeleaji mzuri huchoka. Ukijikuta unavutwa, usipigane na mkondo. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ule mlango, ndipo ugeukie pwani.

Sasa upande wa pili wa dhana hiyohiyo, ambao ni mbaya zaidi: “Maji yakipwa hakuna hatari, ni kutembea tu.” Wageni huenda na kandambili mpaka ukingo wa mwamba, wanapiga picha za nyota bahari, wanapanga kurudi “maji yakianza kuja”. Mwamba wa nje mara nyingi uko juu kuliko eneo lililo kati yake na ufukwe. Maji yakianza kupanda hupita kwenye milango na kujaza kwanza bonde lililo nyuma yako. Wewe umesimama pakavu, unaangalia mbele, unaona bahari imetulia, kumbe njia ya kurudi imeshazama. Halafu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanasogea kidogo tu, saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Kwa bamvua la mita 3, kila moja ya saa hizo mbili huongeza kama sentimita 75. Palipokuwa kwenye kifundo cha mguu panakuwa mapajani kwa mtu mzima, na kifuani kwa mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo ondoka ufukweni kwenda mwambani saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na geuka saa ileile ya kupwa, hata kama bado pakavu. Ukiwa huna jedwali la maji, waangalie kina mama wanaotafuta pweza kwa fimbo na ndoo. Wakiinua ndoo na kugeuza uso kuelekea nyumbani, na wewe geuka, usisubiri picha moja zaidi. Vaa raba za kufunga, kwa maana kandambili huvuliwa na mwani na miiba ya bahari hupenya kwenye unyayo. Kwenye mchanga wenye maji buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia ashtuke na kukimbia. Usishike jiwe usilolijua, kwa kuwa yupo samaki mwenye miiba ya sumu anayefanana na jiwe kabisa. Akikuchoma yeye au taa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45 na si zaidi, kwa saa moja hadi moja na nusu. Ayapime mtu mwingine kwa mkono wake kwanza, kwa sababu aliyechomwa hasikii vizuri joto na anaweza kujiunguza. Kisha hospitali. Mkojo na mafuta ya taa havisaidii.

Ghuba ya Mikindani ni ya kutazama, kupiga kasia na kula, si ya kuogelea. Maji yakitoka ni tope na mikoko. Kwenye fukwe za Msimbati na Ruvula kina kipo karibu zaidi na mchanga, unapata maji hata yakiwa yametoka, ila mtoto asiachwe pekee hata dakika moja. Lindi, kumbuka mnakaa kwenye mdomo wa Mto Lukuledi: maji ya kupwa na ya mto hutoka pamoja, na msimu wa mvua yanakuwa ya kahawia na yenye nguvu. Ukivuka kwenda Kitunda kwa mtumbwi mdogo, vuka maji yakiwa yamejaa na kutulia.

Dhana ya pili inatoka kwenye mwezi huohuo: “Mji wa pwani, samaki wote wapo kila siku.” Hawapo. Dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika na dagaa wabichi huadimika. Pweza wa kuokotwa mwambani hupatikana kwa wingi siku za bamvua, mwamba unapokauka. Mgeni anayegomba na mhudumu kwa nini hakuna pweza wakati mwezi uko nusu, anamwonea. Ukienda feri, kwenye soko la samaki, uliza kilichoshuka leo, kisha ndiyo uchague mapishi. Changu na tasi wabanikwe, kolekole na nguru wapakwe nazi, pweza achemshwe polepole kwa maji yake mwenyewe kwanza, chumvi mwishoni.

Na hili la barafu liishe: “Samaki wa barafu ni wa zamani, chukua aliyelala kwenye meza.” Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto kwa saa chache hutengeneza sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mtu anakula, ndani ya saa moja uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, anasema amerogwa au ana mzio. Samaki alinyimwa barafu, basi. Mtazame mashavu, yawe mekundu yanayong'aa. Jicho liwe limetuna. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Ukinunua wa kusafirisha, weka kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Bunju usimguse kwa maelezo ya mtu yeyote anayedai anajua kumsafisha. Nyama ya kasa vilevile: ni kosa kisheria, na imeshaua watu katika pwani hii.

“Korosho mbichi” zinazouzwa si mbichi kama muhogo ulivyo mbichi. Zimeshapitishwa kwenye moto au mvuke ili ganda lipasuke, ndipo zikabanguliwa. Mbichi kweli ni ile yenye ganda, na hiyo usiing'ate kamwe: mafuta ya ganda huunguza midomo na ngozi. Msimu wa kuvuna ukifika watoto wa wageni huokota chini ya mikorosho na kupeleka mdomoni, waangalieni. Kama unanunua za kupikia, chukua vipande. Utamu ni uleule na bei ni nafuu. Nunua korosho nzima kwa zawadi. Onja moja kabla ya kulipa, na ikiwa na harufu ya mafuta yaliyokaa, acha.

Wanaosema Kusini hakuna chakula cha kwao zaidi ya korosho hawajala ming'oko. Ni vizizi vyembamba vya porini, huchimbwa, huchemshwa na chumvi, na ganda huvuliwa kwa vidole. Huuzwa kwa mafungu masokoni na stendi wakati wa msimu wake. Kula vikiwa vya moto, vikipoa ladha inashuka.

Dhana ya mvua inatoka Dar: “Novemba ni vuli, Januari jua, tuje Januari.” Mtwara na Lindi hazina masika na vuli. Tuna msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Bahari tulivu na angavu zaidi ni Oktoba na Novemba, upepo wa kusi ukiisha na wa kaskazi haujashika. Juni hadi Agosti kusi huvuma, hivyo safari za mashua ziwe asubuhi mapema, mchana upepo unaamka. Nyangumi wa nundu hupita kati ya Julai na Novemba. Anayekuahidi nyangumi Februari anakuuzia mafuta ya mashua.

Kuendesha gari ufukweni Msimbati: inawezekana, na magari hukwama kila msimu. Pita kwenye mchanga mgumu wenye unyevu wakati maji yanatoka, punguza upepo wa matairi, na usiegeshe hapo ukaenda kuogelea. Eneo hilo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Lipa kiingilio, chukua risiti, na kombe na matumbawe yabaki yalipo.

“Mikindani ndipo Livingstone alipoishia.” Aliondokea hapo mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho, akafariki 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Boma lililoko juu ya mji ni la Wajerumani, la mwaka 1895, yeye hakuliona.

“Tukifika Lindi tutapita Kilwa jioni kidogo.” Kilwa iko mkoa wa Lindi, lakini kutoka Lindi mjini ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kufika Masoko, kibali huchukuliwa hapo Masoko kwanza, kisha mashua kwenda Kisiwani. Magofu ya huko, yaani Msikiti Mkuu, ngome ya Gereza na kasri la Husuni Kubwa, hayako pamoja. Husuni Kubwa ni mwendo wa miguu kwenye jua. Lala Kilwa.

Na mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, ambaye wageni wa Lindi huomba waonyeshwe “makumbusho yake”: mifupa ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na iliyounganishwa imesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Tendaguru utakuta kilima, msitu na mashimo yaliyofukiwa na wakati. Panafaa kwa mtu anayetaka kusimama pale mahali penyewe. Nenda kiangazi, kwa gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote, pamoja na mwenyeji wa vijiji vya huko, na utoke Lindi alfajiri.