Kalamu ya rolaboli na wino wake wa maji

Rolaboli ni kalamu yenye gololi ndogo kwenye ncha, kama ilivyo biki, ila wino wake ni wa maji na si ule mzito wa mafuta. Kwa macho si rahisi kuzitofautisha. Mkono ndio unaotambua, kwa kuwa rolaboli huteleza juu ya karatasi bila kukandamizwa.

Gololi hiyo, ambayo aghalabu hutengenezwa kwa kabaidi ya tungsteni na huwa na kipenyo cha milimita 0.5 au 0.7, hukaa ndani ya kikombe kidogo cha chuma ambamo inaweza kuzunguka lakini haiwezi kutoka. Inapoviringika, upande wa ndani hulowa wino na upande wa nje huuacha karatasini. Katika kalamu nyingi wino hufika hapo kwa kufuata nyuzi, vilevile mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari.

Wepesi huohuo wa wino ndio chanzo cha lawama nyingi. Katika daftari la karatasi nyembamba maandishi hupenya hadi upande wa pili, na anayeandika kwa mkono wa kushoto huyapaka kwa kiganja kabla hayajakauka. Kalamu ikiachwa bila kifuniko, maji huyeyuka na rangi huganda kuzunguka gololi. Waliozoea kupasha ncha ya biki kwa kiberiti wasijaribu hapa, kwani moto huzidisha ukavu. Afadhali kuifuta ncha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha kuchorachora kwenye karatasi chakavu. Lakini ikiwa kalamu ilianguka kwa ncha sakafuni na kikombe kikabonyea, hakuna dawa.

Kuvuja ndani ya ndege nako kuna sababu yake: shinikizo la hewa likipungua, hewa iliyo ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje, hasa kwa kalamu ambayo wino wake hukaa huru ndani ya bomba. Isimamishwe ncha juu.

Kuna kazi moja ambayo singeipa kalamu hii hata ikiwa mpya. Kwa kuwa haihitaji kukandamizwa, nakala ya chini ya kaboni hutoka hafifu au haitoki kabisa, na muuzaji anayetegemea kitabu cha risiti atafanya vyema kubaki na biki yake.