Simu haikusikilizi, daftari la kaunta ndilo linalosema

Jumanne iliyopita nimeyasikia tena, safari hii kwa mama ninayemheshimu sana, muuza vitenge wa Mtaa wa Uhuru ambaye namwekea matangazo ya kulipia Instagram. Shikamoo yangu aliiitikia kwa haraka, akaingia kwenye lililomleta. "Marahaba mwanangu, hebu nitolee huyu shetani kwenye simu. Jumamosi nilikuwa kwa mdogo wangu Kimara, tukazungumza habari ya mashine ya kufulia, kuzungumza tu. Jumapili asubuhi nafungua Facebook, mashine ya kufulia hiyo hapo! Simu inanisikiliza."

Mwaka wa tisa sasa kazi yangu ni kununua matangazo haya kwa niaba ya wenye maduka wa Kariakoo, Sinza na Mwenge. Maneno hayo nayasikia kila wiki, kwa wateja, kwa abiria wenzangu ndani ya mwendokasi, hata msibani. Yananikera kuliko dhana nyingine zote, na hii ndiyo nitakaa nayo zaidi; nyingine nitazigusa tu.

"Simu inasikiliza maongezi, ndiyo maana inaleta matangazo"

Tuanze na bando. Sauti ya mtu, hata ikibanwa mpaka kilobiti 16 kwa sekunde, inakula megabaiti 7 na ushee kwa saa, zaidi ya 170 kwa siku nzima. Jiji hili watu wananunua bando la saa 24 na wanajua limeishia wapi. Simu inayopeleka sauti usiku na mchana ingekuwa imeshakamatwa na dada wa maandazi pale kituoni kabla mhandisi yeyote hajaigundua.

Wapo waliopima. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walizichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android. Hawakukuta ushahidi wa programu inayowasha maikrofoni kwa siri na kupeleka maongezi ya watu. Walichokikuta ni programu zilizokuwa zikirekodi kioo, yaani unachokiona na unachokigusa, na kukipeleka kwa kampuni nyingine bila mwenye simu kuambiwa. Habari hiyo ya pili haikuvuma, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta sikio.

Sisemi maikrofoni haijawahi kutumika vibaya. Mwaka 2019 ilijulikana kuwa vipande vya sauti vya visaidizi vinavyoamriwa kwa kuongea, kama Siri ya iPhone, vilikuwa vikisikilizwa na watu walioajiriwa kuvikagua, na vingine vilirekodiwa bila mwenye simu kukusudia. Hilo lilikuwa kosa na lilistahili makelele yake. Tangu Android 12 simu inawasha alama ya kijani juu ya kioo maikrofoni ikitumika, na iPhone inawasha ya rangi ya chungwa. Iangalie. Ukiiona wakati hupigi simu wala hurekodi, hapo una haki ya kuhoji.

Sasa mashine ya mama ilitoka wapi? Niliomba simu yake, nikabonyeza vile vidoti vitatu pembeni ya tangazo, nikachagua sehemu inayoeleza kwa nini ameoneshwa tangazo lile. Sehemu hiyo ipo siku zote na karibu hakuna anayeifungua. Jibu lilikuwa wazi: mwenye tangazo alikuwa na orodha yenye taarifa zake. Nikamuuliza kama mwaka huu amenunua chochote cha umeme. Akakumbuka friji. Pale kaunta aliandikishwa jina na namba ya simu kwenye daftari, "kwa ajili ya waranti".

Kinachofuata nakijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Daftari linachapwa kwenye Excel, Excel inapakiwa Facebook. Kila namba hugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka, kisha hulinganishwa na namba ambazo watu walifungulia akaunti, zilizogeuzwa kwa njia ileile. Zikioana, umepatikana. Huduma hii ipo tangu 2012. Mwaka uliofuata ikaongezwa nyingine: unawapa wateja wako mia chache, wao wanakutafutia maelfu wanaofanana nao kwa umri, mahali wanapoishi na vitu wanavyovifungua. Juu ya hapo kuna pikseli, kipande cha msimbo kwenye tovuti ya duka ambacho huripoti kwamba umeitazama bidhaa fulani hata kama umetoka bila kununua. Aliyenunua friji mwezi wa nne ni mtu wa kuoneshwa mashine ya kufulia. Hilo halihitaji kumsikiliza, muuza duka yeyote mwenye akili angelijua.

Kulikuwa na jingine, nalo limejitokeza tulipokuwa tunaongea: binti yake anayeishi naye alikuwa akitafuta bei za mashine hizo wiki nzima, kwa Wi-Fi ya nyumbani. Simu zinazotumia intaneti moja huweza kuhesabiwa kuwa za kaya moja.

Na kuna kumbukumbu. Mama huyu kwa siku anapitia matangazo mengi ya viwanja Kigamboni, mawigi, tiba za vidonda vya tumbo. Hajawahi kuzungumzia kiwanja. Yote hayo yanapita, halafu moja linaloendana na maongezi ya jana linabebwa mpaka kwangu.

Sababu ya hasira yangu ni hii. Mtu anayeamini habari ya sikio hubandika plasta kwenye maikrofoni akadhani amemaliza. Jioni ileile anapakua programu ya tochi, inaomba kuona mahali alipo, orodha ya majina na picha zake, anabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Tochi na orodha ya ndugu zako vinahusiana nini?

"Mimi mtu mdogo, taarifa zangu za nini?"

Waulize waliochukua mikopo ya mitandaoni. Tangazo linakuja mwisho wa mwezi, pesa ndani ya dakika tano, hakuna dhamana. Dhamana ni orodha yako ya majina. Ukichelewa, shemeji, bosi na mwenye nyumba wanatumiwa meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kausha damu ya simuni, yaani mikopo hii ya kumnyonya mtu, inatafuta watu wadogo hasa.

"Natumia dirisha la siri, hawanioni"

Dirisha la siri la kivinjari, lile la "incognito", linakuficha tu kwa anayeshika simu yako baada yako. Tovuti inakuona, mtandao wako unakuona. Google ilishtakiwa kwa jambo hilo mwaka 2020, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watu waliodhani wamejificha.

"Matangazo hayanibabaishi, mimi nanunua kwa akili yangu"

Wanaoniambia hivi ndio ninaowauzia kwa urahisi, na nasema hivyo kwa masikitiko. Bei 120,000 iliyokatwa mstari, chini yake 69,900: ile ya juu mara nyingi haijawahi kulipwa na mtu. "Zimebaki 3 tu" imeandikwa tangu mwezi wa kwanza. Saa inayohesabu kurudi nyuma, funga ukurasa uufungue upya, utaikuta imeanza mwanzo. Nimekataa kazi mbili mwaka huu kwa sababu ya saa hizo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na duka la Instagram halijasamehewa.

Lakini mbaya kwangu ni "Bei njoo DM", yaani ukitaka bei utume ujumbe wa faragha. Watu wameizoea wanaona ni adabu ya biashara. Kwanza, bei ikifichwa muuzaji anapata nafasi ya kukupima: jina lako, picha zako, unavyoandika, halafu anataja bei yako. Pili, ukishatuma ujumbe tu, hata wa "bei gani?", unaingia kwenye kundi la waliowahi kuwasiliana na ukurasa ule, na kundi hilo linaweza kulengwa kwa matangazo kwa miezi. Umeuliza bei ya kiatu mara moja, kiatu kinakufuata mpaka Pasaka. Wateja wangu wote nawalazimisha kuandika bei kwenye picha. Wawili wameniacha kwa ajili hiyo.

"Meseji za matangazo hazizuiliki"

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kumtaka mtu aache kutumia taarifa zako kukutangazia biashara. Akikaidi, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Meseji za matapeli ni jambo jingine, hizo zitume kwenda namba 15040.

Nilichomfanyia mama kilichukua dakika kumi. Kwenye Android yake tuliingia Mipangilio, sehemu ya Matangazo, tukafuta kitambulisho cha matangazo, ile namba inayoziwezesha kampuni kuunganisha unachofanya programu hii na ile. Tukapita programu moja moja tukiondoa ruhusa ya mahali na ya majina. Tisa kati yake hakujua zimeingiaje. Wenye iPhone wanaulizwa na simu yenyewe tangu 2021 kama programu iruhusiwe kuwafuatilia. Jibuni hapana kila mara, hakuna kitakachoharibika.

Daftari la kaunta halifutiki kwa mipangilio yoyote. Ukiambiwa uandike namba, uliza ya nini, na kama ni waranti mwambie aandike muda wake kwenye risiti ya EFD na kugonga muhuri. Ile karatasi hufifia, kwa hiyo ipige picha hapohapo kabla hujatoka dukani.