Usukani unalia? Iacheni kwanza pampu: dhana potofu kuhusu stelingi ya pikapu kuukuu za 4x4

Pikapu imekula miaka ishirini na kitu, usukani umeanza kulia, na kabla boneti haijafunguliwa hukumu imeshatoka: pampu. Inatafutwa nyingine, inafungwa, na baada ya wiki mbili mlio umerudi palepale. Hapo lawama inahamia kwenye spea: "siku hizi kila kitu feki." Spea feki zipo kweli. Lakini mara nyingi ile pampu ya zamani ilikuwa nzima, na mpya imeshaanza kuugua ugonjwa uleule ambao hakuna aliyeutafuta.

"Usukani ukilia, pampu imekufa"

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote. Pampu ya stelingi mara nyingi hulia kwa sababu inameza hewa au inanyimwa mafuta. Ndani yake mna rota yenye vibapa vyembamba vinavyosukuma mafuta ndani ya pete ya chuma, na ukikata usukani mpaka mwisho presha kwenye magari mengi hufika bar 70 hadi 100. Viputo vya hewa vikiingia kwenye presha hiyo hubonyea ghafla na kupasuka kwenye chuma. Huo ndio mlio wa "nyiiii" unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Mipasuko hiyohiyo hutoboatoboa pete, kwa hiyo pampu iliyoachwa ilie miezi sita hufa kweli. Sasa imekufa, lakini aliyeiua bado yumo ndani ya gari, na ukifunga mpya bila kumtoa atakula na hiyo.

Anza na kikopo cha mafuta ya stelingi. Mafuta yenye povu au rangi ya chai ya maziwa yana hewa. Meusi yenye harufu ya kuungua yana chembe za mipira inayomomonyoka. Kisha fanya kipimo hiki, ambacho hakihitaji hata spana moja: acha injini iwake mpaka mafuta yapate moto, nyoosha magurudumu, weka alama ya kalamu pale mafuta yalipofikia, zima injini, tazama. Mafuta yakipanda zaidi ya milimita 5 juu ya alama, mfumo una hewa. Pampu isiguswe mpaka hewa hiyo ijulikane inapoingilia.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanalala chini ya gari, hawaoni tone, wanasema hakuna tundu. Mpira unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu ni wa kunyonya. Injini ikiwaka, presha ndani yake iko chini ya hewa ya nje, kwa hiyo ufa mdogo hautoi mafuta, unavuta hewa. Sakafu itabaki kavu na pampu itaendelea kulia. Mpira wa miaka ishirini umekauka kama gamba la mti, na klipu yake ya springi haina tena nguvu ya kuubana.

Chukua grisi nzito, ipake kwa unene kuzunguka maungio ya mpira huo pande zote mbili, washa injini, kata usukani kushoto na kulia kwa dakika mbili au tatu. Mlio ukipungua, umeshapata. Badilisha mpira kwa ulio wa mafuta, usiweke wa maji ya rejeta, kwa sababu huo hulainika na kuvimba ukilowa mafuta. Funga klipu za skrubu. Kama pampu yako ina ringi ya mpira pale bomba la kunyonya linapoingia, ibadilishe pia. Ni kitu kidogo kama pete ya kidole na lawama zake hubebeshwa pampu kila siku.

Grisi isipobadilisha kitu, tazama vitu viwili. Cha kwanza ni oili sili ya shafti ya pampu, upande wa puli: ikichoka huvuta hewa injini ikiwaka na kuacha unyevu gari likisimama. Cha pili ni chujio. Vikopo vingi vina wavu mwembamba chini, na ukiziba, pampu inanyonya kwa shida hata kikopo kikiwa kimejaa. Kitoe, kioshe, umulike ndani kwa tochi.

Ukishaziba njia, itoe hewa ipasavyo. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, injini ikiwa imezimwa. Jaza mafuta, zungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara 15 hadi 20, ukiongeza mafuta kila yanaposhuka. Pumzisha dakika kumi. Washa, rudia mara chache, na kila ukifika mwisho achia ndani ya sekunde mbili tatu. Anayeanza kwa kuwasha injini anaisaga hewa na mafuta kuwa povu, na povu hilo linaweza kuchukua usiku mzima kutulia.

"Mlio wowote wa mbele ya injini ni pampu"

Kuna mkanda pia. Mkanda unaoteleza hulia kwa sauti kali, hasa asubuhi au ukikata usukani mpaka mwisho, na hauna uhusiano na mafuta. Nyunyiza maji kidogo juu yake injini ikiwaka, mikono na nguo zikiwa mbali. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Ukinyamaza kwa muda kisha ukarudi, puli hazijanyooka au mkanda wenyewe umechakaa.

Na ule mlio wa "shhh" unaposhikilia usukani mwisho kabisa ni vali ya kupunguza presha inafanya kazi yake. Si ubovu, ila usishikilie hapo. Mafuta huchemka haraka.

"Mafuta ni mafuta, weka yaliyopo"

Hapana. Soma kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari. Pikapu nyingi za zamani za Kijapani hutumia ATF (mafuta ya gia otomatiki) ya aina ya Dexron. Mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, hufurisha sili na kuziharibu; yakishaingia, usiwashe injini, mwaga yote na usafishe mfumo.

"Usukani unacheza na kugonga? Kaza ile skrubu juu ya boksi la stelingi"

Skrubu hiyo hupunguza nafasi kati ya meno ya ndani ya boksi. Haikazi tairodi (fimbo zinazosukuma magurudumu yakate), haikazi boljointi (viungo vya mpira wa chuma), haikazi bolti za boksi lenyewe. Ukiikaza kuficha ulegevu wa kwingine, meno yanabanana pale katikati ambako tayari yamebanana kuliko kokote, na baada ya kona usukani unakataa kurudi wenyewe. Gari lisilorudisha usukani kwenye mwendo wa kasi ni hatari kuliko lile linalogonga.

Tafuta kinachogonga hivi: gari likiwa chini kwa magurudumu yake, bila jeki, mtu azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, kama mshale wa saa unaokwenda kati ya namba 11 na namba 1. Wewe lala chini, shika kila kiungo kwa kiganja, kimoja baada ya kingine. Kilicholegea utakihisi kikiruka mkononi kabla hujakiona kwa macho. Mulika pia pale boksi linapofungwa kwenye chesi. Chevrolet K10 za miaka ya 1970 na 1980 zinajulikana kwa chesi kupasuka hapo, na ufa huo hugonga kama tairodi mbovu. Kwenye Hilux za 4x4 zenye springi za mbele zinazojitegemea, tazama mapema ule mkono wa kuongoza upande usio na boksi. Bushi zake huisha.

Jeki inakuja baadaye. Shika gurudumu juu na chini: likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni boljointi au beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia).

"Shokapu ya usukani ikibadilishwa, mtetemo unaisha"

Unafichwa tu. Utarudi mkali zaidi, maana kiungo kilichokuwa kikilegea kimeendelea kuliwa.

"4x4 ikigonga kwenye kona, difu imekwisha"

Kwanza uliza: ilikuwa kwenye lami kavu? Pikapu nyingi za zamani hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na kwenye lami hayawezi kuteleza, kwa hiyo shafti zinajipinda mpaka kitu kinaachia kwa kishindo. Rudi kwenye 2H (magurudumu mawili tu), na kama gia inakataa, rudi nyuma mita chache.

Kama inalia "ta-ta-ta" ukikata usukani mwisho, 4x4 ikiwa imewashwa na habu zimefungwa, hapo tazama jointi za shafti ya mbele. Kwenye gari lenye eksele nzima, kama Land Cruiser za zamani, fungua nako (kifundo kinachogeuza gurudumu) na uguse grisi iliyomo. Ikiwa imegeuka uji mweusi unaotiririka, sili ya ndani imepitisha mafuta ya difu, na kuongeza grisi juu yake hakusaidii. Toa vyote, osha, badilisha sili, angalia jointi kama ina mikwaruzo kwenye njia za golori, ndipo ujaze grisi mpya.