Mkate wa Celer: Mtumwa na Mwungwana katika Roma ya Kale

Katika jumba la makumbusho la Napoli, Italia, umehifadhiwa mkate wa mwaka 79 BK. Ni wa mviringo, na juu umechorwa mistari ili umegeke vipande vinane. Umekuwa mweusi kama mkaa, kwa maana joto la volkano ya Vesuvius liliukuta Herculaneum, mji uliofukiwa pamoja na Pompeii. Unga ulipokuwa bado mbichi, mtu aliugandamiza muhuri unaosomeka hadi leo: wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus.

Watu wakija kutuuliza habari za Roma, huanza na makaisari na wapiganaji wa upanga. Mimi hupenda kuanza na mkate huu, kwa sababu jamii nzima ya Kirumi imo ndani yake. Kuna bwana mwenye majina matatu, ambayo ni dalili ya uraia. Kuna mtumwa mwenye jina moja, na hilo moja halikuwa lazima liwe la wazazi wake, kwani bwana alikuwa na haki ya kumpa mtumwa jina alitakalo. Celer maana yake ni mwenye mbio.

Wakazi wengi wa mjini walipanga vyumba vidogo katika majengo ya ghorofa, na vingi havikuwa na jiko. Mkate ulinunuliwa. Pompeii peke yake imefukuliwa viwanda vya mikate vipatavyo 30, na katika kimojawapo, mwaka 1862, tanuri lilikutwa na mikate 81 ndani yake. Ukiona idadi hiyo, jiulize ngano yote ile ilisagwa na nani.

Jibu lilionekana wazi mwaka 2023, wanaakiolojia walipofukua kiwanda kingine mjini humo. Madirisha yake ni madogo, yako juu, na yana nondo za chuma. Hakuna mlango wa kutokea barabarani; njia pekee inaingia ndani ya nyumba ya bwana. Sakafuni, kuzunguka mawe ya kusagia, yamechongwa mashimo ya nusu duara yaliyopangwa ili punda na watumwa wanaozunguka vinu wasigongane katika nafasi ile finyu. Mnyama na mtu walipimiwa hatua kwa kipimo kimoja. Nimesoma sheria nyingi za Kirumi kuhusu utumwa, lakini hakuna iliyonieleza kama sakafu ile.

Hata hivyo, utumwa wa Roma ulikuwa na mlango, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Bwana aliweza kumwacha mtumwa huru, na mtumwa aliyejiwekea akiba aliweza kujikomboa. Dola ilitoza kodi ya asilimia 5 ya thamani ya mtumwa huyo. Aliyeachwa huru kwa taratibu kamili alikuwa raia na kubeba jina la ukoo la bwana wake wa zamani. Mwaka 4 BK, enzi ya kaisari Augustus, sheria ilitaka mtumwa awe ametimiza miaka 30 ndipo apate uraia huo.

Lakini hakuwa mwungwana wa kuzaliwa. Hakuruhusiwa kugombea uongozi. Mwanawe aliyezaliwa baada ya uhuru ndiye aliyeweza. Mtoto ambaye mama alimzaa akiwa bado mtumwa alibaki mali ya bwana. Aliyeachwa huru aliendelea kudaiwa heshima, na mara nyingi siku kadhaa za kazi. Alfajiri alikwenda kumwamkia bwana wake wa zamani, akijipanga ukumbini pamoja na wengine waliotegemea fadhila zake. Kwa maoni yangu, tumaini la kutoka ndilo lililousaidia utumwa udumu kwa karne nyingi: anayeuona mlango hufikiria namna ya kuufikia, hafikirii kubomoa nyumba.

Mkate ulikuwa pia jambo la siasa. Augustus alipotawala, raia wapatao 200,000 wa jiji la Roma walipewa ngano bure kila mwezi, takriban kilo 33 kwa kila mmoja, na sehemu kubwa ya ngano hiyo ilivushwa bahari kutoka Misri na Afrika ya Kaskazini. Wenye zabuni za kuwahudumia watu wengi hivyo waliweza kutajirika.

Mmoja wao ni Marcus Vergilius Eurysaces. Kaburi lake, la miaka ya 30 hadi 20 KK, bado limesimama kando ya lango la Porta Maggiore jijini Roma. Maandishi yanamtaja kuwa mwokaji na mkandarasi wa serikali. Jina lake la mwisho ni la Kigiriki, na baba yake hatajwi kama ilivyo desturi kwa waungwana. Ndiyo maana wanahistoria wengi humwona kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Hakuficha kazi yake. Ukutani alichongesha kila hatua: punda wakizungusha vinu, watu wakikanda unga, mwingine akisukuma mikate tanurini, na mizani ikipima kabla ya kukabidhi.

Karibu na hapo yalipatikana maandishi ya mume akimlilia Atistia, anayeaminiwa kuwa mkewe. Anamwita mwanamke bora kabisa, kisha anasema mabaki ya mwili wake yamo ndani ya kapu hili la mkate.