Mkataba wa Kabla ya Ndoa: Namna Unavyoandaliwa

Wachumba wanaokuja kuomba ushauri kuhusu mkataba wa kabla ya ndoa huuliza kwanza kiandikwe nini, ilhali swali la kutangulia ni mkataba huo utapatikana kwa njia gani. Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inawaruhusu wanaotarajia kuoana kukubaliana kuhusu haki zao za mali, lakini mahakama inaweza kuyatengua makubaliano yaliyotokana na udanganyifu au shinikizo, au yenye dhuluma iliyo dhahiri. Ufaransa hutaka mkataba ufungwe mbele ya mthibitishaji, yaani ofisa wa sheria anayeandaa na kuidhinisha mikataba, kabla ya ndoa, na California, nchini Marekani, hutaka siku 7 zipite tangu mhusika akabidhiwe mkataba wa mwisho hadi atakapotia saini. Siku hizo zina maana yake, kwani anayeletewa karatasi usiku wa kuamkia harusi, kadi zimekwisha kugawiwa na wageni wako njiani, hana nafasi ya kukataa.

Kila mmoja aweke wazi mali zake na madeni yake: ardhi, akaunti, hisa, biashara, hata mkopo aliomdhamini ndugu yake. Madeni, kwa maoni yangu, yana uzito kuliko mali, maana mtu huyaonea haya. Kila mmoja awe pia na wakili wake, kwa kuwa wakili mmoja hawezi kuwatetea watu wawili ambao masilahi yao yanaweza kugongana.

Lugha ya vifungu nayo iwe kamili na isiache maswali. Kifungu kisemacho kwamba nyumba iliyonunuliwa kabla ya ndoa itabaki kuwa ya mnunuzi kinaonekana kamili, mpaka mtu akumbuke kwamba mkopo wa nyumba hiyo utaendelea kulipwa kwa miaka mingi kutokana na mapato ya wote wawili. Je, aliyechangia malipo, au aliyeacha kazi ili alee watoto huku mwenzake akilipa, atakuwa na fungu gani? Hilo liandikwe mapema, pamoja na njia ya kukadiria thamani ya nyumba siku ya kuachana.

Matunzo ya watoto hayaingii katika mapatano haya kwa namna ya kuifunga mahakama. Mzazi hawezi kuiachilia haki ya mtoto kwa niaba yake, na jaji ataangalia masilahi ya mtoto yalivyo wakati shauri linaposikilizwa.