Mlima Kilimanjaro haukuwa zawadi ya mtu

Pale Moshi wageni bado husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kwa siku yake ya kuzaliwa, eti ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda. Si kweli. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka huo mwaka 1886. Wilhelm alitawazwa 1888. Tayari mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wametiliana mkataba na Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Hadithi ya zawadi humfuta Mangi huyo kabisa, jambo linaloniuma. Katika makubaliano ya 1886 mlima ulibaki upande wa Wajerumani, na Mombasa upande wa Waingereza. Tazama ramani: mstari unatoka pwani hadi Ziwa Jipe, unauzunguka mlima mashariki na kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria.